Nilivaa ndala zilizotundikwa kwenye swichi ya karasha, kumbe kulikuwa na mtu ndani

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa shikamooni.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, mzee wa kupita kimyakimya. Leo naandika kwa sababu hili jambo linanikaba. Atakayesema ni chai, hadithi ya kutunga, sawa, ila mimi bado nikisikia chuma kinagonga chuma nashtuka kama mwizi.

Sitataja kijiji wala jina la eneo. Majina ya watu nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, hadi sehemu yangu ya aibu.

Kwanza mnijue. Ni mtoto wa Mtendeni, Tabora mjini. Kwetu ni watu wa duka la vitambaa toka enzi za babu, wale waliokuja na misafara wakasahau kurudi Omani. Mwaka juzi nikaingiwa na homa ya dhahabu. Nikaingia ubia na jamaa wenye shimo, mbele ya Usoke huko, porini kidogo. Mama yangu alisema nimerogwa. Nikacheka.

Sasa kwa wasiojua. Mawe ya dhahabu yakitoka shimoni hayana maana yoyote mpaka yasagwe yawe unga. Kazi hiyo inafanywa na karasha. Ni pipa kubwa la chuma limelala ubavu, linazungushwa na mota, na ndani yake kuna magololi ya chuma makubwa kama machungwa. Mawe yanaingia kwa mlango mdogo ubavuni, wa kumtosha mtu mwembamba kupenya, pipa linazunguka, magololi yanayaponda. Ukisimama karibu, meno yanatetemeka mdomoni.

Na mwenye mawe haondoki. Hiyo ndiyo sheria ya kule. Unakaa hapohapo unayalinda kwa macho mpaka kiroba cha mwisho, maana unga wa dhahabu hauna jina la mtu.

Pale nilipokuwa nasagia palikuwa na karasha mbili, moja ya mapacha wawili Wanyamwezi, watu wazima wa arobaini na kitu, Kulwa na Doto. Kulwa ndiye fundi, mwembamba, mpole, Mmoraviani wa kuimba kwaya. Doto ndiye wa swichi, mnene kidogo, mtani hatari. Mimi alinibatiza Shehe. Kila nikifika ananiambia, "Shehe, mababu zetu walibeba pembe za mababu zako mpaka pwani, leo wewe beba viroba vyako mwenyewe." Na kweli nabeba, huku wanacheka.

Niliwapenda wale watu. Nasema hivi ili mjue nilichokifanya nilikifanyia watu gani.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua la kupasua. Mawe yangu yalikuwa nusu ya safari, karasha ikabadilisha mlio. Kulwa akainua mkono, Doto akazima. Kumbe bamba moja la chuma, yale yanayolinda pipa kwa ndani, limelegea, bolti zimekatika.

Wakageuza pipa mlango ukatazama chini, wakamwaga magololi na unga wangu kwenye mabeseni. Doto akapanda bodaboda kwenda Usoke kutafuta bolti. Kabla hajaondoka Kulwa alimwambia kwamba wakati akienda na kurudi, yeye ataingia ndani ayabane yale mabamba mengine, ila mimi hayo niliyajua baadaye.

Mimi hapo nilikuwa napanga mabeseni yangu kivulini, nimempa mgongo. Sikumwona akiingia. Nilidhani kaenda kula.

Adhuhuri ikafika. Nikataka kuchukua udhu. Nimevaa viatu vya ngozi, sitaki kuviloweka. Nikaangaza macho kutafuta ndala.

Nikaziona. Ndala za bluu, zimetundikwa kwa kamba zake kwenye mkono wa ile swichi kubwa ya ukutani. Nikajua mtu kaziosha kaziweka zikauke.

Wakuu, kwetu Mtendeni ndala za mlangoni hazina mwenyewe. Anayekwenda kutawadha anavaa, akirudi anaziacha, mwingine anavaa. Nimekua hivyo, wageni wetu wote wako hivyo. Hata sikufikiria. Nikazitoa kwenye swichi, nikavaa, nikachukua kopo na ndoo, nikazunguka nyuma ya choo.

Sikumwuliza mtu.

Sasa niwaambie kitu ambacho pale kila mtu alikijua isipokuwa mimi. Karasha ya jirani ikiwa inasaga, hata ukipiga kelele sikioni kwa mtu hakusikii. Kwa hiyo wale jamaa walijiwekea utaratibu wao. Anayeingia ndani ya pipa anavua ndala zake anazitundika kwenye swichi. Anaingia peku. Ndala zikiwepo, hakuna binadamu wa kugusa ule mkono. Akitoka anazivaa mwenyewe. Miaka yote walifanya kazi hivyo na hakuna aliyeumia.

Mimi nilikuwa nafika pale kwa mara ya nne tu. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu kwao lilikuwa jambo la kawaida mno la kumwambia mtu.

Nilikuwa namalizia mguu wa kushoto nilipoona bodaboda inaingia. Doto karudi na bolti zake.

Alichofanya Doto ndicho angefanya mtu yeyote pale. Akaangalia swichi. Hakuna ndala. Maana yake Kulwa katoka. Mlango wa pipa ulikuwa umetazama chini, na ili kufunga bolti unatakiwa juu. Akainua mkono wa swichi kidogo tu, pipa ligeuke.

Mimi nilikuwa nimeshafika kona ya choo, namwona kabisa. Pipa likazunguka. Karasha tupu ina mlio wake, unavuma tu. Hii haikuvuma. Ilikuwa inagonga, hata juu ya kelele za karasha ya jirani. Spana ilikuwa ndani, inadondoka na kupanda, kang, kang. Na katikati ya zile kang kulikuwa na mdundo mwingine mzito.

Doto akateremsha mkono wa swichi palepale. Pipa halisimami mara moja, lilimalizia mzunguko kwa uzito wake. Yeye kasimama kashika swichi, mdomo wazi. Karasha ya jirani nayo wakazima. Kukawa kimya, halafu ikatoka sauti ndani ya chuma, ya mtu anayeita mama yake kwa Kinyamwezi.

"Mayu! Mayu wane!"

Mpaka leo sijui kopo niliangusha wapi.

Tulimtoa watu watano. Alikuwa wa kijivu mwili mzima kwa vumbi la mawe yangu, damu inachora njia usoni. Mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Sikio limechanika. Lakini anapumua, na macho yako wazi.

Kitu cha kwanza alichosema nitakwenda nacho kaburini.

"Doto, ndala zangu hukuziona?"

Doto akaonyesha ukutani. "Hazipo, Kulwa. Angalia mwenyewe. Hazipo!"

Watu wote wakageuka kutazama ule mkono wa swichi. Mtupu.

Na mimi nimesimama nyuma yao, miguu imelowa, ndala za bluu miguuni.

Ndipo nilipoelewa. Hakuna aliyenielezea, nilielewa mwenyewe kwa kuzitazama nyuso zao. Wakuu, nilichotakiwa kufanya pale kilikuwa sentensi moja. Ningesema "ziko kwangu", basi.

Sikusema. Nilirudi hatua mbili tatu nyuma, nikazivua, nikazisukuma chini ya viroba vyangu, nikavaa viatu vyangu vya ngozi. Halafu nikawa wa kwanza kupiga kelele, "Leteni gari! Tumieni gari langu!"

Nitukaneni, nastahili.

Nilimwendesha mimi mwenyewe mpaka hospitali Tabora mjini, kichwa chake kimelazwa kwenye mapaja ya Doto. Njia nzima Doto anarudia, "Niliangalia, Kulwa. Niliangalia." Kulwa anauma meno kila tukipita shimo. Daktari alisema mkono umevunjika mara mbili, mtulinga umevunjika, mbavu zimepata ufa. Alisema magololi yangekuwemo ndani tungeleta kitu kingine, siyo mgonjwa.

Nikajidanganya kwamba yameisha. Mtu kapona, ajali kazini, Mungu mkubwa.

Kumbe ndiyo yanaanza. Kesho yake tu maneno yakatoka machimboni yakafika Ipuli, anakoishi mke wa Kulwa, Mama Nyanzala. Kwamba ndala hazikuwahi kupotea pale hata siku moja. Kwamba Doto kazificha mwenyewe. Kwamba pacha ndiye kafara nzito kuliko zote, na Doto kamtoa ndugu yake ili mawe yatoe dhahabu.

Mnajua migodini maneno ya kafara yakishaanza hayana breki.

Mama Nyanzala akamzuia Doto mlangoni mwa wodi mbele za watu. "Usimguse mume wangu. Wewe siyo ndugu, wewe ni mnunuzi wa dhahabu kwa damu yake!" Doto akatoka, akaenda kukaa nje ya geti la hospitali, chini, kwenye vumbi. Hakwenda nyumbani. Alishinda pale, akalala pale.

Siku ya tatu nikapeleka chupa ya uji na matunda kama mtu mwema. Nikamkuta. Kakonda kwa siku tatu, kweli mtu anaweza kukonda kwa siku tatu. Akanishika suruali.

"Shehe, wewe ulikuwepo. Niambie ukweli. Hivi mimi nimechanganyikiwa? Mimi niliangalia swichi, naapa niliangalia. Lakini sasa nimeanza kuwaza, labda zilikuwepo. Labda zilikuwepo na mimi nikawasha tu."

Mtu anaanza kuyakana macho yake mwenyewe kwa sababu yangu.

Nikamwambia nakuja. Nikaingia kwenye gari, nikaendesha mpaka kule machimboni, sikumsalimia mtu, nikainua viroba vyangu. Zilikuwepo, zimebanwa bapa. Nikaziweka kwenye mfuko mweusi nikarudi.

Nikapita getini, nikamwinua Doto, nikaingia naye wodini. Mama Nyanzala akaanza kufoka. Nikatoa ndala nikaziweka juu ya shuka, miguuni kwa Kulwa.

Nikasema, "Nilizivaa mimi. Nilikwenda kutawadha. Sikujua maana yake. Na nilipojua, nilizificha."

Hata mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa anakoroma, akafumbua jicho.

Mama Nyanzala akachukua ndala moja akanichapa nayo begani kwa nguvu zake zote. Akarudia. Sikukwepa. Halafu akakaa chini akalia, akiita jina la shemeji yake.

Kulwa hakunitazama. Alizitazama ndala, halafu akanyoosha mkono mzima, ule wa kushoto. "Doto. Njoo."

Doto akapita mbele yangu. Alipofika usawa wangu akasimama. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi angenipiga.

Akasema, "Siku tatu, Shehe." Basi. Akaenda kukaa kitandani kwa pacha wake.

Hayo maneno matatu yamenikalia kifuani kuliko ndala.

Sasa hivi Kulwa amepona, ingawa mkono haunyooki wote na kwaya anaimba amekaa kwa ajili ya mbavu. Niliwanunulia kufuli na mnyororo wa kufungia swichi. Anayeingia kwenye pipa anaufunga mwenyewe na kuingia na ufunguo shingoni. Walipokea, wakashukuru, ila wakaniwekea sharti moja. Kila nikifika pale, viatu naviacha barabarani, naingia peku kama anayeingia ndani ya pipa. Nimekwenda mara tatu tangu hapo. Mawe ya kule yanachoma jamani, lakini naingia peku.

Doto hanitanii tena. Ananiitikia salamu vizuri, basi.

Na kuna kitu anafanya kila anapotaka kuwasha, mnyororo uwepo usiwepo. Anakwenda kwenye mlango wa pipa, anaingiza kichwa, anaita, "Kulwa!" Anasubiri. Ndipo anawasha. Anafanya hivyo hata Kulwa akiwa amesimama pembeni yake, kashika kikombe cha chai, anamtazama.

Nilichojifunza mimi: ugenini usiguse kitu kabla ya kuuliza, hata kiwe ndala mbovu za bluu. Na ukishakosea, sema hapohapo, kabla mwingine hajaanza kuubeba mzigo wako. Kosa la kwanza Kulwa amenisamehe. La pili ni la Doto kusamehe, na sijawahi kuthubutu kumwomba.

Wenye karasha, viwanda vya mbao, mashine za kusaga, gereji, karibuni mseme: kwenu kuna alama gani ambayo wote mnaijua na mgeni haijui? Iandikeni hapa chini. Halafu kesho asubuhi mwambieni mgeni wenu.