Mke Mwenza wa Chupani

Mume wangu hakuoa mke wa pili, lakini mke mwenza nilikuwa naye. Aliishi kwenye chupa ya mdomo mpana, juu ya kibao karibu na jiko, na alikuwa samaki.

Mume wangu alimpata kwa mzungu mmoja aliyesimamia ujenzi wa barabara upande wa Biharamulo. Mume wangu alikuwa dereva wake. Kazi ilipokwisha mzungu alifunga mizigo, akamwachia dereva wake koti la mvua na samaki huyo mwekundu, mdogo kama kidole, mapezi yake marefu yakining'inia kama kitenge kilichofungwa ovyo. Alisema anaitwa beta. Koti lilichanika mapema. Samaki alibaki.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha Ujamaa huko Runazi, nyumba zimepangwa mstari, kila mtu na lugha yake. Mimi ni Mhangaza wa Bukiriro, yeye Msukuma. Tulikutana katika Kiswahili, na Kiswahili chake kwangu kilikuwa cha kuulizia tu: maji yapo? watoto wamekula? haya. Lakini akirudi jioni alivuta kigoda mbele ya ile chupa na kumwaga Kisukuma mpaka ugali unapoa. Alimwita ng'wana wane, mwanangu. Alicheka. Mimi nilisimama nyuma yake na mwiko mkononi, sielewi kitu, roho inaniuma.

"Unamwambia nini?"

"Habari za barabarani tu."

Basi niambie na mimi hizo za barabarani! Hakuniambia.

Na alivyomtunza! Maji ya kisima hayakuingia chupani siku hiyohiyo. Yalilala kwanza kwenye chungu, yakasogezwa karibu na moto, kisha yeye akachovya kiwiko kama ninavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Hakuyabadilisha yote kwa mara moja. Alichota kidogo, akaongeza kidogo. Chakula kilikuwa viluwiluwi vya mbu, vichache, vya kumezwa palepale. "Samaki huyu haumwi bure," aliniambia siku moja, na hiyo ndiyo hotuba ndefu niliyopata kwake. "Anaumwa kwa baridi, kwa uchafu na kwa shibe." Maji yangu ya kuoga hakuwahi kuyapima hata siku moja.

Niliwahi kumwekea samaki kioo changu. Alipojiona alivimba mashavu, akatandaza mapezi, akamrukia yule wa kwenye kioo. Madume hawa hawavumiliani. Nilimwelewa vizuri kabisa, nikatoa kioo.

Vita vikaja. Mume wangu akachukuliwa kuendesha malori ya jeshi. Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono, akasema niwaangalie watoto. Kisha akainama kwenye chupa na kusema mengi.

Nyumba ikajaa majirani wa kunipa pole. Sasa samaki huyu ana tabia ya kupanda juu kuvuta hewa, mdomo wazi, ndivyo alivyoumbwa. Lakini kwetu, kiumbe akikufungulia mdomo nawe una chakula mkononi, humpiti hivihivi. Bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyeanza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona huyu mnamshindisha njaa? Tazama anavyoomba."

Akamtupia kipande cha ugali wa muhogo. Aliyemfuata akatupa kiazi. Nikaona haya kuwakataza, nisije nikasemwa kuwa ni mchoyo hata kwa samaki wa mume wangu.

Maji yakachacha. Tumbo la samaki likavimba, mapezi yakachanika pembeni kama yametafunwa, akalala chini. Nikashtuka, nikamwaga maji yote na kujaza ya kisimani, na ubaridi wake wa asubuhi. Akapinduka ubavu.

Niliogopa. Sikumhurumia samaki. Niliona mume wangu akirudi na kukuta chupa tupu, hana tena pa kusemea nyumbani kwangu. Na asiporudi je? Kitu pekee kilichosikia maneno yake kingekuwa kimenifia mikononi. Nikasogeza chupa karibu na moto, nikapima kwa kiwiko, nikamnyima chakula mpaka tumbo likashuka, nikafunika chupa kwa kitambaa chepesi ili wageni wasimwone. Chumvi ilikuwa imeadimika madukani, na mzungu alikuwa amesema chembe chache humsaidia samaki mwenye vidonda. Basi nilikula maharage chapwa ili mke mwenza aoge chumvi. Nilimtukana kwa Kihangaza kila nilipombadilishia maji. Akapona.

Mume wangu alirudi, amekonda. Alinisalimu, akawabeba watoto, akaenda kwenye chupa. Jioni ile na jioni zilizofuata alimsimulia samaki vita. Nilijua ni vita kwa jinsi mgongo wake ulivyotetemeka. Mimi niliyekula chapwa niliambiwa, "Tulishinda."

Baadaye samaki akafa, safari hii kwa uzee, maji yakiwa safi. Mume wangu akamfukia mgombani. Jioni alivuta kigoda kama kawaida, akakaa mbele ya kibao kitupu, kimya. Siku zikapita hivyo. Mwishowe nikashindwa kuvumilia. Nikachukua kigoda changu, nikakaa chini ya kibao, uso kwa uso naye. Sikuuliza kitu. Mdomo ulitaka kuuliza, nikaubana.

Alinitazama, akaanza, kwa Kisukuma. Miaka ya kusimama na mwiko ilikuwa imenifundisha kidogo, nikaelewa nusu: mto, lori, rafiki yake, rafiki yake tena. Sikumwomba aniambie kwa Kiswahili. Nilijua angerudi kwenye "Tulishinda."

Alipomaliza alijifuta uso, akasema, "Mengine nilishayasema." Akatazama pale chupa ilipokuwa.

Hayo mengine hakuyarudia kamwe. Samaki alikwenda nayo, na mpaka leo namwonea wivu.