Mpangaji Chapa Aliyebaki na Taipureta

Saa tatu asubuhi, mvua inapiga mabati ya ofisi ndogo nyuma ya kanisa mjini Eldoret. Hulda Adongo ameinamia taipureta kuukuu. Anagonga herufi kwenye stensili, karatasi ya nta ya kutolea nakala, anakosea, anapaka dawa ya kufutia, anapuliza ikauke, kisha anaendelea.

"Vidole vimesahau hii kazi," anasema bila kuinua macho.

Hulda ni mpangaji chapa wa jarida la wakulima linalotolewa na chama cha hisani cha makanisa. Tangu aje kutoka Kisumu akiwa msichana, alipanga kila ukurasa kwa mkono, herufi moja moja ya madini ya risasi, hadi ncha za vidole zikawa nyeusi zisizotakata.

Mwaka jana wafadhili walileta kompyuta. Mhariri, Gerishon Kituyi, akamwambia, "Mama Hulda, jarida ni lako. Lifanye upya."

Alijifunza kitufe kimoja kimoja. Akapanua safu, akakuza maandishi ili wazee wa kijiji cha Ziwa wasome bila kuazimana miwani. Herufi za risasi zikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nani angezihitaji tena?

"Toleo la kwanza lilipotoka nililibusu. Mume wangu alinicheka sana."

Ndani ya toleo hilo mlikuwa na barua ya msomaji. Aliuliza jambo moja tu: katika uchaguzi wa mlolongo, ambapo wapiga kura hupanga mstari nyuma ya mgombea wao, mstari mfupi ulishindaje ule mrefu?

Wiki iliyofuata waliingia wanaume waliovaa makoti. Hawakujitambulisha. Walibeba kompyuta na diski zote. Gerishon akaondoka nao, chai yake ikiwa bado inafuka mezani. "Nakuja sasa hivi," alisema.

Hajarudi. Mkewe, Maximilla, amezunguka vituo vya polisi hadi viatu vikaisha soli. Kila mahali anaambiwa hayumo.

Mlango unafunguka. Mzee Kinyanjui, mwenyekiti wa chama hicho cha hisani, anaingia, anachukua stensili ya ukurasa wa kwanza na kuisoma dirishani. Kidole chake kinasimama penye jina la Gerishon, chini ya neno "Mhariri".

"Mama, toa hili jina. Weka hata langu."

"Mzee, nikilitoa, nitakuwa nimemzika."

"Na wale watu wakirudi?"

"Watanikuta hapa hapa."

Mvua inazidi. Mwishowe Mzee anavua koti, anafunga stensili kwenye mashine ya kurudufu na kuanza kuzungusha mpini wake. Nakala ya kwanza inatoka imefifia pembeni, lakini inasomeka.

Kesho Hulda atakwenda Kapseret kumpelekea Maximilla nakala, watoto waone jina la baba yao. Baada ya hapo ataanza kuchora kurasa kwa rula na penseli, ziwe tayari siku kompyuta nyingine itakapopatikana.

Mwandishi wa makala haya anamuuliza Hulda kama amfichie jina lake gazetini. Anatikisa kichwa.

"Andika yote mawili," anasema. "La Gerishon litangulie."