Mikate ya Kijerumani ya Mama

Tumbo la mama halipatani na ngano. Daktari alituambia waziwazi kwamba ngano inamchana utumbo, basi nyumbani kwetu, mtaa wa Crescent Town huku ughaibuni, tukawa watu wa ugali, wali na mihogo. Chapati nilizipiga marufuku hata Krismasi. Mama akazidi kukonda, nami nikazidi kugombana na madaktari.

Jumapili moja nilirudi mapema kutoka kanisani. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi Mount Dennis, upande wa pili wa jiji, na ambaye nilidhani ametusahau, alikuwa mezani na mama. Kati yao palikuwa na mfuko wa mikate midogo ya mviringo, na mama alikuwa akichovya mmoja kwenye chai.

Niliupokonya nikautupa sakafuni. Chai ikamwagikia kanga yake.

"Dada, una wazimu? Hii siyo ngano! Ni dinkeli, nafaka ya kale ya Wajerumani. Ina protini, ina madini ya chuma, ina nyuzinyuzi. Google mwenyewe!"

Hayo ya lishe ni kweli, na ndiyo yaliyonipandisha hasira. Dinkeli ni lishe nzuri kwa mwenye tumbo zima, lakini ni ngano ileile ya ukoo mmoja, na kilicho sumu kwa mama kimo tele. Nilimweleza hivyo nikiwa nimeshika mwiko. Aliponicheka, nilimpiga nao mdomoni. Akanisukuma nikajigonga kwenye friji, nikamrudia kwa kucha, damu ikamchuruzika kidevuni. Watu wazima na mvi zetu, tunakabana makoo jikoni. Nilitaka aumie, sisemi uongo.

"Acheni!" Mama alikuwa amejikunja, mikono tumboni. "Nilijua. Tangu mkate wa kwanza, tumbo liliniambia."

"Sasa ulikuwa unakula kwa nini?" nilimfokea.

Kwetu mtoto akikuletea chakula, unakila mbele ya macho yake. Ukikiweka kando ni kama umemfukuza. Mama alimtazama mwanawe.

"Akileta mikate, anakaa nami mpaka iishe."

Akainama, akauokota ule wa sakafuni, akauma.

Mdogo wangu alimfikia kabla yangu. Alimbana taya kwa mkono mmoja, akamwingiza vidole kinywani kuutoa mkate. Mama alimng'ata kwa nguvu zake zote. Mdogo wangu alilia kama mtoto, lakini hakuvitoa vidole.