Pachinko ya Kina Rukia

Sisi tuliokulia Hounslow, London, miaka ile ya tisini, ndege zikipita juu ya paa, chini hata magurudumu unayaona, hatukuwa na shida ya michezo. Tulicheza kibe, kujificha na kutafutana, kwenye ngazi za flati, tukacheza nage kwa mpira wa soksi mpaka jirani wa Kipunjabi atoke na ufagio, kisha tukarudi ndani pua zinachuruzika kwa baridi, tukakuta mandazi na chai ya tangawizi. Jumamosi chuoni kusoma Kurani, Jumapili kuoshwa nywele. Nilikuwa nimeridhika, wallahi, mpaka Rukia alipopata pachinko.

Rukia ni binti wa ami yangu Hamadi, mdogo wake baba. Alikaa Rayners Lane na mama yake, na ami mwenyewe alikuwa Japani, akinunua magari yaliyotumika na kuyasafirisha Unguja. Kila mzigo aliouleta ulinitonesha mimi: penseli zenye harufu ya matunda, mwavuli unaopitisha mwanga, viatu vinavyowaka taa. Kisha ukaja huo mchezo wa video, na mashine yake, na transfoma zito kama tofali kwa sababu umeme wa Japani si kama wa hapa.

Pachinko ni mchezo wa Wajapani. Ubao umesimamishwa wima, umejaa misumari, unarusha gololi za chuma hadi juu, nazo zinashuka zikigonga msumari huu na ule. Ikiingia tundu la katikati, tarakimu tatu zinazunguka, na zikifanana gololi zinamwagika kwa kelele kama mchele kwenye sinia la bati. Huko kwao kuna kumbi nzima za mashine hizo. Kwa kina Rukia yote hayo yalikuwa ndani ya televisheni, ila mkononi ulishika kitufe cha kuzungusha, kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Ulikizungusha kidogo, kidogo mno. Ukizidisha, gololi zote zimepotea.

Watoto wa leo wanayo pachinko kwenye simu, bure, wanaigusa mara mbili wamechoka. Sisi tulipanga foleni, na askari wa foleni alikuwa Rukia. "You'll break it," ananiambia, na mimi mikono nimeshaiosha kwa sabuni! Nilimwonea wivu mpaka visheti vya mama yake vikanikwama kooni.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonichoma ni Bibi.

Bibi, mama yao baba na ami, alikuwa wetu. Aliishi kwetu, alilala chumbani kwangu, nywele zangu alizisuka yeye. Baba ndiye aliyempeleka hospitali, ndiye aliyemzungukia London nzima kumtafutia muhogo na samaki anaowataka. Akitoka zamu yake uwanja wa ndege, hata viatu hajavua, huingia kwanza kwa mama yake. Basi Bibi akaenda Rayners Lane kwa wikendi moja tu, akaiona pachinko.

"Kuna pesa humo?" akauliza, tasbihi mkononi.

Mama Rukia akamwambia hakuna, ni kucheza tu.

"Basi si kamari," Bibi akatoa fatwa yake. Na hakurudi.

Wala hakuwa akicheza. Mchezo ukianza ilitokea picha ya ukumbi wa kweli wa pachinko, watu wamekaa safu kwa safu, wametupa mgongo. Ami alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba siku za mvua huingia humo kupata joto na kusikia watu. Bibi hakuwa amemtia machoni mwanawe huyo kwa miaka. Ikawa anamwamuru Rukia asibonyeze kitu, picha ibaki hapo hapo, naye anavuta kiti.

"Yule mwenye bega lililolegea, si Hamadi yule?"

"It's just a picture, Bibi."

"Najua ni picha. Kwani picha hupigwa nani, si watu?"

Kwetu kitanda chake kilikuwa kitupu, na nywele akinisuka mama, ambaye hana subira na ananivuta.

Siku moja baba akasema tukamchukue. Tukapanda treni, tukabadilisha Acton, baba amepakata chombo cha pweza wa nazi aliyempika mwenyewe. Tulimkuta Bibi mbele ya televisheni, picha imesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho hayakubanduka.

Baba akachuchumaa mbele yake, koti bado mwilini. "Twende nyumbani, mama. Nimekupikia pweza."

Bibi akanyoosha mkono, akamshika bega. Nikadhani anamkumbatia.

"Sogea kidogo, Salumu," akasema kwa upole kabisa. "Unaniziba."

Baba akasogea. Tulirudi wawili, na ndani ya treni akacheka peke yake. "Kosa langu mimi sikwenda Japani," akasema. "Ningekwenda, ningetafutwa." Nikamshika mkono. Nilikuwa nikidhani wivu ni ugonjwa wa watoto.

Bibi alirudi kwetu ami aliporejea London moja kwa moja. Mwezi haukuisha naye, akampigia baba aje amchukue, eti Hamadi anavuta sigara na anapiga kelele.

Enzi zile mtu wa mbali ulimtafuta kwa kisogo. Siku hizi uso mzima unakuja wenyewe mpaka kitandani kwako, na watoto wetu hata hawainui vichwa. "Hi, Uncle," basi, wamerudi kwenye gemu zao. Baba sasa anaishi kwangu. Mdogo wangu Nassor yuko Toronto, na akipiga simu ya video baba huibandika puani, amuulize amekula nini, amwambie amekonda. Juzi walizungumza mchana, saa nzima na zaidi. Nikampikia chai ya maziwa, nikatia hiliki anavyopenda, nikamwekea pembeni, nikaketi naye. Simu ilipokatika akageuka, akakiona kikombe.

"Nani kaleta chai?" akauliza.

Watoto walikuwa shule. Nyumba nzima tulikuwamo mimi na yeye tu.