Bata Aliyenipindua Uenyekiti

Msinione niko kimya humu siku hizi. Nimepinduliwa.

Aliyenipindua ni bata.

Simaanishi mtu anayeitwa Bata. Ni bata mwitu, wa kahawia, mwenye macho ya dharau.

Ukingo wa mto mtaani kwetu uliharibiwa na wachimba mchanga. Walipoondoka wakatuachia mashimo, na sisi wenyewe tukayajaza takataka. Ndipo tukaunda kamati, mimi mwenyekiti. Tukazoa uchafu, tukafukia mashimo, tukapanda miti na matete, na fundi mwashi akajenga viti vya saruji watu wapunge upepo.

Changu kilikuwa na egemeo na mikono. Niliagiza mwenyewe.

Kisa? Baba mkwe. Tangu nimuoe binti yake, mzee yule ananitazama kama mwavuli uliotoboka. Hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya. Nikasema siku ya uzinduzi ataniona nimekaa pale mbele ya mtaa mzima, na roho yangu itatulia.

Sasa, kuna sheria niliyoitunga kwa mbwembwe zote: ndege au mnyama akishaweka makazi, marufuku kumwondoa.

Asubuhi ya uzinduzi nafika na suti, namkuta bata kwenye kiti changu. Chini yake nyasi. Kwenye nyasi, yai.

Nikamfukuza kwa mkono. Hakupepesa hata jicho.

"Sheria ni msumeno, mume wangu," mke wangu akaninong'oneza. "Simama tu."

Nikasimama. Uzinduzi wote nimesimama kando ya bata kama mlinzi wake. Mgeni rasmi akaanza hotuba kwa kumsalimu mheshimiwa mwenyekiti, akamwinamia bata. Ikaja zamu ya mkutano. Katibu akapendekeza kwamba bata akitikisa mkia, hoja imepita. Akatikisa kwa zote. Ulikuwa mkutano wetu wa kwanza kuisha bila matusi.

Nikamtafuta baba mkwe kwa jicho. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Nikajua nimekwisha.

Watu walipotawanyika akanifuata.

"Mkwe wangu, unisamehe. Zile nyasi niliziweka mimi jana jioni."

Nikamuuliza kwa nini.

"Saruji ina baridi. Nikasema leo utakaa muda mrefu, bora nikutandikie. Sikujua kuna mwenzako anatafuta pa kutagia."

Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja, nikabaki nafuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi.

Yai lile likafuatwa na mengine, na sasa vifaranga wameshatotolewa, wanaogelea kwenye matete. Kiti kiko wazi. Nikagombea tena uenyekiti, nikashindwa kwa kura zote isipokuwa moja, na hiyo moja alipiga baba mkwe.

Mimi mwenyewe nilimpigia bata.

Ndugu zangu, msipoteze umri mkitafuta kiti ili fulani awaone. Huenda fulani huyo keshakuja jana jioni, kawatandikia, kaondoka zake.