Siku Nilipoipima Nyonga ya Mama Mkwe

Mke wangu ameniomba nisiyasimulie haya, lakini kaka zake wanayasimulia kwenye kila harusi, kwa hiyo bora myasikie kwangu, mimi mwenye aibu yangu, kabla hawajayatia chumvi.

Mimi ni mtu wa eksirei katika hospitali moja hapa Mwanza. Mama mkwe wangu, mama wa Bujora anayeheshimika, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliwekewa nyonga bandia miaka kadhaa iliyopita: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Plastiki hiyo hulika polepole kama soli ya kiatu, kwa hiyo kila baada ya muda tunampiga mtu picha, tunapima kichwa kimezama kiasi gani ndani ya kikombe. Zamani tulipima kwa rula na macho. Kisha ikaletwa programu ya kompyuta, nikapelekwa semina, nikarudi na cheti na kidevu juu, nikawa sisemi tena "nadhani", nasema "mfumo unaonyesha".

Basi mama akaja kupimwa. Utaratibu ni kwamba mgonjwa avue nguo, avae gauni la hospitali. Lakini jamani, mimi na mama mkwe hata kusalimiana tunasalimiana kwa mbali, ningeanzaje kumwambia avue? Nikasema, "Shikamoo mama. Lala tu hivyo hivyo na kitenge chako, mashine hii ni ya kisasa."

"Marahaba baba," akasema, akalala huku akijishika kiunoni (nikadhani anaona haya, nikageuka pembeni kwa adabu).

Nikapiga picha, nikabonyeza, namba ikatoka: milimita kumi na nne nukta tatu. Ndugu zangu, plastiki ikilika milimita mbili tu tunakunja uso, na hii yote kumi na nne, maana yake kikombe kimekwisha na mama anatembea kwa neema za Mungu. Mtu mwenye akili angeitazama picha vizuri. Mimi niliitazama namba, na namba ilikuwa na desimali, nani abishane na desimali?

Nikamkataza mama kukanyaga chini, akawekwa kwenye kiti cha magurudumu, nikampigia simu shemeji yangu Masanja, kesho yake ukoo mzima uko hospitalini, mashangazi kutoka Busisi, ng'ambo ya ziwa, wameshaanza kulia. Mkuu wangu wa idara ndiye aliyefurahi, maana wiki hiyo hiyo tulikuwa na wageni wanaokuja kuiona programu. "Huu ndio mfano tuliokuwa tunautafuta," akasema, kama vile nyonga iliyokufa ni zawadi.

Siku ya wageni nikavaa tai. Ukumbi umejaa: wageni, madaktari, ukoo, akina mama wa kanisa na sare zao, mama mwenyewe mbele kwenye kiti chake. Nikaitupa picha ukutani kwa projekta, kubwa kama mlango wa kanisa, nikaanza kuhutubia kuhusu mfumo.

Dokta Lwiza, daktari bingwa wa mifupa, akamuuliza mama, "Unasikia maumivu?"

"Siumwi. Juzi nimelima viazi. Huyu baba ndiye anasema naumwa."

Nikajibu mimi, "Mara nyingi mgonjwa hajijui, mfumo ndio unamjua." (Sentensi hii Masanja anaijua kwa moyo.)

Dokta akasogea ukutani. "Kichwa cha chuma ni hiki hapa. Na huu mduara mwingine, ambao ndio umepimwa, ni nini? Naona una mfuniko."

Mama akainuka kwenye kiti cha magurudumu, akatembea mwenyewe mpaka ukutani, akatazama.

"Ni kikopo changu cha ugoro," akasema polepole.

Akina mama wa kanisa, ambao huwa anawahubiria ubaya wa tumbaku, wakatazama sakafu. Masanja akakohoa. Mkuu wa idara akatangaza chai.

Alipimwa upya na mwenzangu wa kike, ndani ya gauni: plastiki imelika kidogo kuliko unene wa ukucha. Lakini kilichonitoa jasho si vicheko. Nafasi ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa, na mama wa watu angepasuliwa mguu mzima kwa sababu mimi niliona haya kusema neno moja.

Nilikwenda Bujora kuomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, umenivua nguo mbele ya watu wote kwa kuogopa kunivua mbele ya mashine."

Uenyekiti hawakumnyang'anya (nasikia wajumbe kadhaa nao walikuwa na vikopo vyao). Mimi tangu hapo natazama picha kwanza, namba baadaye, na kila anayenijia, awe mchungaji awe diwani, anavua. Akija mkwe, naaga naenda kunywa chai, mwenzangu ampime.