Kibuyu cha kumuaga Bwana Shauri

Juzi, nikiwa kwenye foleni bomani Sumbawanga, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya aliyehamishwa, alikuwa akiagana na mpishi wake mzee. Mzee alipiga magoti, akaonja kwanza pombe yake ya ulezi kama tufanyavyo Ufipa, kisha akampa kibuyu kwa mikono miwili. Mzungu hakukipokea. Alisema kitu kwa Kiingereza, machozi yakimlengalenga, na karani akatafsiri: "Mzee, anasema wewe kwake ni dunia nzima. Ndivyo Waingereza wanavyomsifu mtu."

"Dunia nzima," mzee akajibu, kibuyu bado mikononi, "na funda moja limemshinda?"

Hilo karani hakulitafsiri. Motokaa ikaondoka. Naamini yule bwana alimpenda kweli, na ndilo linaloniuma. Pombe tuliinywa sisi wa foleni, tusiojua hata jina la mzee. Ilikuwa tamu.